Wimbo wa Wakesho

Thadeus, niliyekata naye mkonge, si mtu wa kubuni mambo, na hili alinieleza mara moja tu.

Mwaka wa hamsini na nne, bintiye Wakesho alishikwa na homa kali. Thadeus akashuka hadi dispensari, akapewa chupa ya dawa. Akipanda mlima kurudi kijijini kwao Mghange mchana huo, ukungu ulitanda hata asione miguu yake. Ndani ya ukungu akasikia wanawake wakiimba wimbo wa matanga, ule wa kusimulia maisha ya marehemu tangu azaliwe.

"Alizaliwa nzige walipokuja," waliimba. "Akaungua kiwiko kwa uji."

Kiwiko cha Wakesho kilikuwa na kovu la uji.

"Nyamazeni, mama zangu!" Thadeus alilia. "Dawa ninayo!" Akakimbia, akajikwaa, chupa ikapasuka. Sauti zikakoma.

Nyumbani hakukuta matanga. Wakesho alikuwa hai, amelala karibu na moto, macho ameyafumba.

"Anaimba wimbo wa matanga tangu ukungu ushuke," mkewe alinong'ona. "Sijui nani kamfundisha."

Thadeus akasimama mlangoni. Mtoto akaimba polepole, "Baba amefika, mikono mitupu."