Mkono wa Sita

Jioni ile Hawise alimpitia Emota, waende kanisani pamoja kama walivyokubaliana. Akabisha. Ndani palikuwa na moto, na harufu ya supu ya kabichi, na mtu aliyekuwa akijikaza asikohoe.

Akabisha tena.

"Nenda tu, shoga," sauti ya Emota ikasema nyuma ya mlango. "Mimi mkono wangu bado nauhitaji."

Hawise akaelewa. Jumapili Mwalimu Wakelin alikuwa amehubiri, naye akihubiri watu hurudi nyumbani wakijipapasa kama wagonjwa. Safari hii alirudia habari za mwanamke wa Wexby, aliyeweka mkono juu ya Injili akaapa uongo. Kabla hajaufikia mlango wa kanisa mkono ukawa mweusi kama kijinga cha moto kilichozimwa. Uingereza nzima mapadri walinakili mahubiri ya Wakelin. Walinakili pia kitabu chake cha sheria za Kanisa, maana alikuwa hakimu vilevile. Mtu mmoja, kazi mbili: Jumapili anakutia hofu, katikati ya wiki anakuhukumu.

Na jioni hii zamu ilikuwa ya Hawise. Walimshtaki kwamba anavuta maziwa ya ng'ombe wa wenzake kwa uchawi. Ukweli ni kwamba ng'ombe wake alinenepa na wa wenzake walikonda, na kwa jirani mwenye kijicho huo ni ushahidi wa kutosha. Kitabu cha Mwalimu kilisema mshtakiwa wa namna hiyo alete majirani sita, waweke mikono juu ya Injili pamoja naye, waape kwamba anasema kweli. Emota ndiye angekuwa wa sita. Akipungukiwa na mmoja, mshtakiwa anatengwa. Asisalimiwe, asiote moto na mtu, asikanyage nyumba ya Mkristo.

Kuzikwa nje ya makaburi ya kanisa, Hawise asingejali. Lakini binti yake Isolda alikuwa na mimba ya kwanza, siku zimefika. "Mama, usipokuwepo wewe nitamshika nani?" alimwuliza asubuhi ile. Swali hilo lilimkaa kifuani kutwa nzima.

Alipofika kwenye lango la makaburi, akasikia harufu.

Harufu ya kwato iliyochomwa, kama kwa mhunzi... lakini mhunzi alikuwa ameshafunga.

"Umepungukiwa na mkono," mtu akasema.

Mwanamke alikuwa amesimama chini ya kipaa cha lango. Si kijana, si mzee. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezungushiwa kitambaa cha kitani mpaka kwenye kiwiko.

"Nani kakwambia?"

"Unanichukua au hunichukui?"

"Sikujui mimi."

"Hapa kila mtu ananijua." Mwanamke akasogea, akanong'ona. "Ukiulizwa, sema unanijua. Basi. Sitaki kingine."

Hawise hakuwa mtu wa kuamini vya bure. Alimtazama chini. Mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana, njia yote tope, na viatu vya yule mwanamke vilikuwa vikavu.

Kengele ikalia. Ni rahisi kwetu sisi kusema kwamba angegeuka akaenda zake. Sisi hatuna Isolda.

"Haya," akasema. "Njoo."

Ndani ya kanisa mishumaa ilikuwa miwili tu. Mwalimu Wakelin, mwembamba, mwenye mafua yasiyoisha, alikaa mezani, Injili mkono huu na kitabu chake cha sheria mkono huu. Wanawake watano walikwisha kusimama, Bibi Sabina mbele yao, yule asiyenyamaza hata kwenye mazishi. Hawise akaweka mkono juu ya Injili kama alivyoelekezwa.

"Huyo wa mwisho ni nani?" Wakelin akauliza.

"Avelina," mwanamke akajibu. "Wa Wexby."

Nyuma mtu akafanya ishara ya msalaba. Ukasikia nguo zikisuguana.

Wakelin akatabasamu kidogo. "Sheria inataka mtu anayejulikana na majirani."

"Si tunamjua, Mwalimu," Bibi Sabina akasema. "Umetusimulia mwenyewe, mpaka wajukuu wangu wanamwigiza."

Tabasamu likaondoka. Wakelin akafunua kitabu chake, akafunua tena, hasomi. "Kama ni yeye, basi aliapa uongo. Na aliyeapa uongo haapi tena mbele yangu."

"Mbele ya hakimu gani?" mwanamke akauliza kwa upole. "Katika kesi ya nani? Kitabu chako kinasema mtu hahesabiwi mwongo mpaka ithibitike mahakamani. Ithibitishe, Mwalimu."

Nta ilidondoka mezani. Tone. Tone jingine.

"Hakukuwa na kesi," Wakelin akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Ulikuwa mfano. Niliutunga njiani, nikiwa juu ya farasi, watu wapate kuogopa dhambi."

Watu wakanung'unika. Hawise yeye alikuwa akimwangalia uso. Kanisa lilikuwa baridi, pumzi zikionekana, na Mwalimu alikuwa akitoka jasho. Hawise akajiuliza ni mtu gani anayetoka jasho kwa ajili ya mwanamke aliyemtunga mwenyewe.

"Basi sina hatia," mwanamke akasema. "Nipe nafasi yangu."

"Nafasi ya nani? Wewe hupo." Wakelin akawageukia watu. "Nani hapa amewahi kumwona mwanamke huyu, kwa macho yake, kabla ya leo? Aseme, na aseme akiwa ameshika Injili."

Hata Bibi Sabina, safari hii, alitazama sakafu.

Mkono wa Hawise ulikuwa bado juu ya Injili. Alihisi ngozi ya jalada chini ya vidole, baridi, yenye unyevu. Kisha akamwona Isolda akilini, peke yake, akitafuta mkono wa kushika.

"Mimi," akasema. "Namjua tangu tukiwa wasichana."

"Asante," mwanamke akamnong'oneza sikioni.

Mikono ikawekwa juu ya mkono. Wa sita ulikuja wa mwisho, ukapenya chini ya mingine yote, ukatulia juu ya wa Hawise. Ulikuwa wa moto, kama jiwe lililotolewa mekoni. Wakaapa. Wakelin akatamka kwamba Hawise hana hatia, upesi upesi, akazima mshumaa mmoja kwa vidole.

Nje, mwanamke akaanza kufungua kitambaa. Hawise hakutaka kutazama, akatazama.

Mkono ulikuwa mzima. Laini, wa waridi, kama wa mtoto wa juzi. Harufu ya kwato haikuwepo tena.

"Ni kweli alikutunga?" Hawise akauliza.

"Wewe uliyekuwa ukimwangalia uso, uliona nini?" Mwanamke akakunja kitambaa vizuri, akamtilia mkononi. "Chukua. Kitakufaa."

Akaenda zake kati ya makaburi, na majani yenye maji hayakutoa sauti.

Isolda alishikwa na uchungu Jumapili. Hawise alikuwepo tangu alfajiri, akichemsha maji, akichochea moto, akimpa binti yake mkono wa kushoto auminye atakavyo. Bibi Sabina alifika baadaye, shela imelowa.

"Mwalimu kahubiri ile ile ya mkono," akasema akikunja mikono ya nguo. "Ila leo kijiji kakitaja kingine. Uzee huo."

Hawise hakuuliza kijiji gani.

Mtoto alizaliwa kabla ya jua kuzama, wa kike, mwenye sauti. Sabina akamfuta, akataka kumpa bibi yake, akasita. "Na huo mkono ulioufunga? Umeungua?"

"Kidogo tu. Mekoni."

"Mama, mpokee," Isolda akasema kutoka kitandani, amechoka, anacheka. "Si ndiyo tuliyokuwa tukiyaomba? Mpokee."

Moto wa kuni ulikuwa ukinuka vizuri, na maziwa ya moto, na damu. Chini ya harufu hizo, kutoka ndani ya kile kitambaa cha kitani alichopewa makaburini, ilianza kupanda ile harufu ya kwato. Hawise akaurudisha mkono wa kulia nyuma ya mgongo.

"Mpe baba yake kwanza," akasema.

Isolda akamtazama kitambo, kisha akageuza uso ukutani.