Shubiri Sita

Mdogo wangu ni fundi cherehani, lakini hashoni magauni. Anashona matanga ya mbao za upepo. Mtu husimama juu ya ubao, akashika tanga, upepo ukamsukuma akateleza juu ya maji. Chumba chetu cha mbele kimejaa vitambaa, hata pa kuweka kikombe hapana.

Ubao wake mwenyewe umeegemea ukutani. Aliachiwa na mumewe, shemeji yangu, aliyeondoka miaka mitatu iliyopita kufanya kazi melini. Walikuwa na ahadi: siku moja watavuka ghuba pamoja hadi ng'ambo, na kurudi.

"Nimemkumbuka, dada," huniambia. "Nikiwa juu ya ubao, namwona yuko karibu."

Mimi kuogelea sijui, na ubao ule siupendi. Lakini ungemjibu nini?

Siku moja maji yalijaa saa nne asubuhi. Akachukua futi yake ya kupimia nguo, akapima kwenye ukuta wa ngazi za kushukia ghubani. Saa tano akapima tena. Maji yameshuka shubiri moja tu.

"Saa moja, shubiri moja," akasema. "Saa saba yatakuwa yameshuka tatu. Pale penye fungu la mchanga katikati ya ghuba, yalipojaa kina kilikuwa shubiri saba. Zitabaki nne. Zinanitosha."

"Una hakika?"

"Ah, dada! Mimi na kupima?"

Akaenda. Saa saba nikamwona anarudi mbio, upepo umejaa kwenye tanga. Ghafla ubao ukasimama. Yeye hakusimama! Alirushwa mbele, akaangukia bega. Nikamkimbilia hadi katikati ya ghuba kwa miguu yangu, mimi nisiyejua kuogelea. Maji hayakunifika magotini.

Bega lilikuwa limeteguka. Tuliporudi kutoka hospitali nikafoka, "Ubao huu unatoka humu ndani leo hii!"

Akalia. "Ukiutoa, nitabaki na nini chake?"

Nikaenda kumwita jirani yetu, Mama Kina. Kazi yake ni kusoma vipimo vya maji bandarini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Mwenzangu, maji hayakatwi kama kitambaa. Hayaendi mwendo mmoja. Hapa kwetu yakianza kupwa huenda polepole. Katikati hukimbia. Mwishoni hupoa tena. Siku ile saa ya kwanza yalishuka shubiri moja, ya pili mbili, ya tatu tatu. Jumlisha."

"Sita," mdogo wangu akasema kwa sauti ndogo.

"Saba toa sita?"

"Moja."

"Na pezi la chini ya ubao wako lina urefu gani?"

"Shubiri mbili." Akafunika uso kwa mkono mzima.

"Umeona? Pezi liligonga mchanga. Sasa sikiliza. Kwanza tazama jedwali la maji, maana saa za kujaa hubadilika kila siku. Siku za bamvu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa zaidi. Ingia yakiwa yanajaa. Saa moja baada ya kujaa, uwe nchi kavu. Yakiwa chini ya kiuno, usipande ubao. Ukianguka, usitangulize kichwa. Na ukienda pwani nyingine, waulize wenyeji."

Bega lilipopona, jedwali lilikuwa limeshabandikwa juu ya cherehani. Miezi minne sasa anaingia na kutoka kwa saa. Hajagusa mchanga hata mara moja, na mimi ngazini sishiki tena roho mkononi.

Juzi shemeji akapiga simu. Amepata likizo! Anakuja tarehe ishirini. Nilidhani mdogo wangu atapiga vigelegele. Wapi! Akainuka, akapitisha kidole kwenye jedwali.

"Siku hiyo maji yanajaa saa tisa alasiri. Unafika saa ngapi?"

"Saa kumi," shemeji akasema. "Si tutaingia hivyo hivyo? Miaka mitatu, mke wangu!"

Nikamtazama. Kidole kikashuka mstari mmoja.

"Hatuingii. Kesho yake yanajaa saa kumi kasoro dakika kumi. Tutavuka kesho yake. Nimekungoja miaka mitatu, mume wangu. Siku moja zaidi nitaiweza."

Akakata simu. Kisha akakaa juu ya rundo la matanga, akalia mpaka akacheka.