Mawe Yaliyooshwa kwa Mapenzi

Duka la samaki wa mapambo lilifurika Jumamosi hiyo, watoto wakigonga vioo na wazazi wakiwakaripia bure. Fundi bomba alikuwa chini ya sinki akikaza koki. Alipochungulia, aliona kwanza viatu vyekundu, kisha gauni la bluu, kisha mrembo mwenyewe akinusa mawe ya baharini, moja baada ya jingine.

"Dada, hayo mawe yamekukosea nini?"

"Nachagua, kaka. Hili jepesi, lina vitundu kama mkate. Humo wanakaa vijidudu wanaosafisha maji. Zito nalirudisha. Na linalonuka mayai viza, lina maiti ndani."

"Na mimi je, mzito au mwepesi?"

"Wewe una matope puani."

Mapenzi yakaanzia hapo. Kuna yaliyoanzia pabaya zaidi.

Mrembo alikuwa nesi wa kliniki ya meno. Watoto walikuwa wakiangua kilio kabla hata ya kufungua mdomo, naye alimwapia daktari kwamba tangi la maji ya chumvi lingewatuliza. "Liwe limesimikwa kabla shule hazijafungwa," daktari alimwambia. "Na likinuka siku moja tu, linatoka." Mawe ndiyo roho ya tangi, na lazima yatibiwe kwanza. Shangazi aliyeishi naye alikataa pipa la kuyatibia ndani ya nyumba. Fundi akatoa bafu lake.

"Yakae gizani wiki kadhaa, pampu na hita viwake," nesi alimwelekeza. "Vilivyokufa vioze, nisugue taratibu, nibadilishe maji ya chumvi. Usiguse, mpenzi."

"Hata kwa kidole?"

"Hata kwa jicho."

Nyumba ilinuka hadi jirani akauliza kama kuna aliyefariki. Fundi akawa anaoga kwa ndoo jikoni, huku akiimba. Kisha mama yake akapiga simu: anakuja kumwona mkwe.

Hapo fundi akafikiri, na heri asingefikiri. Mtu anayepeleka maji safi majumbani mwa watu, ampokee mama yake kwa uvundo? Akafungulia bomba, akayasugua mawe kwa brashi ya waya mpaka utando wa zambarau ukabanduka, akayaanika juani. Yakang'aa kama meno ya kwenye tangazo. Akajipongeza kwa soda.

Nesi alifika amependeza, gauni jipya, hereni zikicheza. Akaona pipa tupu.

"Umeyaua."

"Nimeyaosha, kipenzi!"

"Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu. Na hao vijidudu ndio niliokuwa nikiwalea!" Akaokota jiwe moja, akalinusa. "Umeionea haya kazi yangu mbele ya mama yako. Sema tu."

Nesi akashuka ngazi, visigino vikipigilia kila neno ambalo hakulisema.

Fundi akapiga simu. "Nesi wangu..."

"Mwenye namba hii hapatikani, na hataki kupatikana."

Mama yake, aliyefika na kukuta mwana bila mkwe, alisonya. "Harufu ningeivumilia. Si nimekulea wewe?"

Basi fundi akakaza mkanda. Akarudi dukani, akanunua jiwe moja hai la kuwaambukiza uhai wale marehemu. Akachanganya chumvi, akawasha pampu, akazima taa ya bafu. Kisha akapiga tena.

"Sibembelezi. Nimepima maji: amonia, ile sumu ya uozo, imepanda. Nifanyeje?"

"Badilisha nusu ya maji. Na sijakusamehe."

"Sijaomba."

Simu zikaendelea hivyo, kavu kama biskuti, mpaka jioni moja nesi akauliza, "Umekula lakini?" Fundi akajibu kuhusu amonia, maana angejibu jingine angelia.

Shule zilikaribia kufungwa alipoingia kliniki amekumbatia ndoo ya mawe, shati limelowa. Nesi akapima maji: amonia hakuna. Akanusa jiwe: bahari tupu.

"Nilikuonea haya siku ile," fundi alisema mbele ya wagonjwa wote. "Si kwa mapenzi niliyaosha. Ni woga. Sirudii, na nataka kukuoa."

Nesi akalitua jiwe tangini, akaligeuza mpaka likakaa imara.

"Tangi litakaa mwezi mzima kabla sijatia samaki. Utaweza kusubiri?"

"Nasubiri samaki, au nakusubiri wewe?"

"Samaki, mwezi. Mimi, mwambie mama aje kwa shangazi Jumapili."