Niko Peke Yangu Hapa Ufukweni

"Hebu nipe hiyo simu."

"Judy, subiri kidogo."

"Nimesubiri tangu tushuke kwa basi. Nipe simu, Faustine!"

Faustine aliurudisha mkono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekutwa na sukari. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, Novemba, wiki ya kwanza ambayo joto la Dubai lilikuwa limevunjika na mtu angeweza kukanyaga mchanga wa ufukwe wa Mamzar bila kuungua. Judy alikuwa amebeba viatu vya wote wawili. Vyake mkono mmoja, vya Faustine mkono mwingine.

Judy alitoka Nyahururu, Kenya, akifanya usafi wa vyumba kwenye hoteli moja ya Al Barsha. Faustine alikuwa mtu wa Ngara, Tanzania, fundi wa viyoyozi kule Silicon Oasis. Uchumba wao ulikuwa na miaka miwili, na padre alishaandika tarehe ya harusi, Desemba. Kila walipopata siku ya mapumziko ya pamoja walikuja kutembea hapa. Na kila walipotembea, ilikuwa lazima Faustine abaki nyuma hatua kumi, afunike mdomo kwa kiganja na kunong'ona kwenye simu.

Mwanzoni Judy alidhani anasali. Leo upepo ulikuwa unavuma kuja upande wake, na alisikia vizuri kabisa: "Nimekukumbuka sana, kipenzi changu."

"Nipe simu, ama nipige nduru watu wajae hapa."

Faustine akampa.

Jina lilikuwa limehifadhiwa "Nyumbani 2". Voisi zilikuwa zimepangana mpaka kidole cha Judy kikachoka kuzipandisha. Akabonyeza ya mwisho. Sauti ya Faustine ikatoka, laini, ile ambayo Judy alidhani ni yake peke yake:

"Habari za asubuhi, kipenzi. Niko peke yangu hapa ufukweni. Nimeona kaa mdogo kuliko ukucha wangu. Anatoa mchanga shimoni, anaufinyanga vijibonge kama punje za ulezi, anavipanga kuzunguka mlango wake..."

"Huyo kaa nilimwona mimi!" Judy alifoka. "Mimi ndiye nilikuita, nikakuambia inama uone!"

"Ndiyo, ni wewe."

"Sasa 'niko peke yangu' imetoka wapi?"

Hakungoja jibu. Akabonyeza ya wiki iliyopita.

"Niko peke yangu, kipenzi. Kuna ndege mweusi juu ya jiwe, amefungua mabawa kama shati lililoanikwa, anajikausha..."

Shati lililoanikwa. Hayo pia yalikuwa maneno ya Judy. Akabonyeza nyingine. Ndege wadogo wanaokimbizana na wimbi bila kulowa miguu: Judy ndiye aliyewaona. Ganda jembamba ambalo jua linapenya: Judy aliliokota na kumwekea mkononi. Kila kitu kilikuwamo. Yeye tu ndiye hakuwamo.

"Ni mwanamke gani huyu?"

"Si mwanamke."

"Usinifanye mjinga!"

Akabonyeza moja ya majibu, amejiandaa kusikia sauti ya mpinzani wake. Ikatoka sauti nyembamba, yenye pengo la meno:

"Baba, kaa analala saa ngapi?"

Judy aliitazama simu, kisha akamtazama Faustine.

"Anaitwa Leah," Faustine alisema. "Ana miaka saba. Ni mwanangu. Hajawahi kuona bahari, ndiyo maana namsimulia."

"Mama yake?"

"Tuliachana Leah akiwa hajatambaa. Ameolewa Geita, ana familia yake. Leah yuko kwa mama yangu, Ngara."

"Miaka miwili, Faustine."

"Najua."

"Hujui! Afadhali ungekuwa na mwanamke. Mwanamke ningejua cha kufanya. Ningekutukana, ningekurudishia pete yako, khalas, yameisha. Sasa mtoto nimfanye nini? Nimchukie?"

"Judy, ulisema mwenyewe. Wiki ya kwanza tulipojuana, pale mgahawani Al Baraha. Ulisema mwanaume mwenye mtoto hutaki hata kumsikia."

"Nilisema hivyo juu ya Lenny, niliyekuwa naye kabla yako! Lenny alinificha mke na watoto Eldoret, nikajua siku mke wake aliponipigia simu. Nilikuwa na uchungu, na sikuwa nakujua wewe. Kwa hivyo miaka miwili umeshikilia neno nililolisema nikitafuna chapati?"

"Niliogopa kukupoteza."

"Ukaona bora ungoje padre amalize, halafu siku moja mtoto abishe hodi?"

Ndicho Faustine alichokuwa anangoja hasa, na Judy alikisoma usoni pake.

"Tena mtoto siye anayeniuma," Judy aliendelea, sauti imeanza kukwama. "Hiyo 'peke yangu' ndiyo inaniuma. Nimesimama hapa nimekubebea viatu, wewe unamwambia mwanao hakuna mtu!"

Akavitazama vile viatu vya Faustine kana kwamba ndiyo kwanza anaviona. Akavirusha baharini, kimoja kimoja, kwa nguvu zake zote. Kimoja kikazama. Kingine kikaelea, kikaanza kwenda zake. Faustine akapiga hatua moja kuelekea majini.

"Thubutu ukifuate!"

Akasimama.

"Rekodi," Judy alisema, akimrudishia simu. "Sasa hivi. Mwambie ukweli."

"Judy, ni mtoto mdogo..."

"Ulipomdanganya hakuwa mdogo? Rekodi!"

Faustine alibonyeza.

"Leah, kipenzi... Baba hayuko peke yake."

"Endelea."

"Niko na... niko na shangazi Judy."

"Shangazi ya nani?"

"Niko na Judy," Faustine alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamshuka waziwazi. "Ni mchumba wangu. Siku zote tulikuwa naye hapa. Yule kaa alimwona yeye. Karibu vyote nilivyokusimulia aliviona yeye. Wewe nilikuficha habari zake, na yeye nilimficha habari zako. Nimekosa, mwanangu."

Akatuma. Wakasimama wakiitazama simu. Voisi ilisikilizwa. Kisha ikaja nyingine.

"Baba, huyo anayefoka nyuma ndiye Judy? Amekasirika?"

Judy alimpokonya simu.

"Leah, ndiyo, ni mimi. Nimekasirika sana. Lakini wewe sijakukasirikia hata kidogo, umesikia? Nimemkasirikia baba yako."

Jibu lilichelewa. Lilipofika, sauti ya mtoto ilichanganyika na ya mtu mzima aliyekuwa akimwelekeza kwa pembeni.

"Bibi anasema hata yeye amemkasirikia. Anasema alimwambia aseme tangu mwaka jana."

Judy aligeuka polepole.

"Mama yako ananijua?"

"Anakujua. Amenigombeza kila Jumapili."

"Kwa hivyo hapa duniani mwoga ni wewe tu."

"Ni mimi tu."

Judy alijifuta macho kwa mkono wa blauzi.

"Desemba hakuna harusi."

"Judy, nakuomba..."

"Nyamaza, sijamaliza. Desemba tunaenda Ngara. Nitaketi na mama yako, nitaketi na Leah. Wakinitaka, na mimi nikiwa bado nakutaka, ndipo utarudi kwa padre. Na siku nyingine ukisema uko peke yako, ujue umesema kweli."

"Sawa."

"Si sawa. Lakini twende."

Alitangulia, na hakumpa mkono. Ila safari hii, kila alipogeuka, Faustine alikuwa ubavuni mwake.

Ndoa ilifungwa mwezi wa nne, Ngara. Leah alishika shela la bibi harusi kutoka mlangoni hadi altareni na kukataa mtu mwingine asilishike. Padre alipouliza kama kuna mwenye neno, Judy mwenyewe aliinua mkono, kanisa zima likashtuka.

"Bado nina hasira naye kidogo," alisema. "Nimeona nisifiche. Endelea, Padre."