Nyuki Nyumbani kwa Kodzo

Kodzo ni fundi cherehani mjini Ho. Mkewe, Yawa, huuza nyanya barazani. Kutwa nzima wanataniana.

"Unashona au unasinzia?" Yawa huuliza.

"Naota unavyonisema," Kodzo hujibu.

Siku moja Yawa alikwenda kuokota kuni nyuma ya nyumba. Nyuki wakamvamia. Aliingia ndani akiyumba, midomo imevimba, pumzi inakwama.

Kodzo akapiga simu ya dharura. Ikapokewa na Dzigbordi, mhudumu wa kituo cha simu za dharura.

"Njooni! Mke wangu ameumwa na nyuki, hapumui vizuri!"

"Pole, baba. Mko wapi?"

"Nyuma ya kanisa! Ulizeni kwa Fundi Kodzo, kila mtu ananijua!"

"Mimi sikujui, baba, na makanisa ni mengi. Kwenye kompyuta nina ramani. Inanionyesha mtaa simu yako ilipo, lakini si nyumba. Ukutani hakuna kibao chenye herufi na namba?"

"Kipo! Si cha kukusanyia kodi kile?"

"Ndiyo anwani yako. Nisomee."

Kodzo akasoma. Kwenye ramani, alama ikatua juu ya paa lake.

"Nimekupata. Gari la wagonjwa nalo naliona. Daraja limefungwa, nawaelekeza wapite njia ya shule. Usikate simu. Mkalishe, asitembee. Miiba ikwangue kwa ukucha."

Kodzo akakwangua huku machozi yakimtoka. "Yawa wangu, usiniache."

"Niende wapi?" Yawa akanong'ona.

King'ora kikalia mlangoni. Wahudumu wakamchoma sindano palepale, kisha wakampeleka hospitali.

Yawa aliporudi nyumbani, Dzigbordi alikuja kumjulia hali. Majirani wakajaa barazani.

"Andikeni anwani zenu kwenye simu," aliwaambia. "Wafundisheni watoto. Ukipiga, taja anwani kwanza. Kama huna kibao, washa sehemu ya simu inayoonyesha ulipo."

Baadaye jirani yao, Sefakor, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mumewe alipiga simu, akataja anwani kabla hata ya salamu. Gari likafika moja kwa moja, na Sefakor akajifungulia hospitali salama.

Siku ya kumwona mtoto, Yawa ndiye aliyempakata. Watu wote walimtazama mtoto. Kodzo alimtazama mkewe.