Kitovu cha Golikipa

Jioni ya kuamkia fainali, Mbwana Kondo alitoka kwenda kulipia kifurushi cha king'amuzi. Basi. Hakuwa na safari nyingine. Mtu aliyewahi kuendesha lori la semi mpaka Lubumbashi, akakaa foleni mpakani Kasumbalesa wiki tatu bila kulalamika, siku hizi safari yake kubwa ilikuwa kutoka mlangoni kwake Temeke hadi kwa wakala pale kona, na bado alirudi anahema kama aliyebeba injini mgongoni. Tumbo ndilo lililotangulia. Yeye alifuata nyuma, kama utingo, taniboi wake mwenyewe.

Lakini siku hiyo alitembea kifua mbele. Kesho saa kumi jioni ilikuwa fainali ya klabu za Afrika, mechi ya marudiano, Uwanja wa Taifa, kule nyuma ya mapaa ya jirani zake. Na golini angesimama Fakihi. Mwanawe. Wa pekee.

Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mtaa mzima tope. Alipofika kwake, akakuta mtu amesimama getini.

Shati jeupe. Suruali iliyopigwa pasi. Mkoba wa ofisini kwapani. Viatu vyeusi vinang'aa... vikavu. Mbwana akavitazama, kisha akazitazama ndala zake zilizobeba nusu ya Temeke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Didas. Natoka kamati ya ufundi."

Shabiki yeyote wa Dar anajua kwamba kamati ya ufundi haina habari na ufundi wa mpira. Hiyo ndiyo inayoamua timu ipite geti lipi, nani aruke uzio, nani aingie uwanjani kinyumenyume. Haina ofisi wala mhuri. Na Mbwana hakuwahi kusikia imemtembelea mtu nyumbani.

"Kamati ya timu ipi?" akauliza.

"Kwani timu ziko ngapi, mzee?"

Hapo ndipo mashaka yalipomwingia. Timu ziko mbili, na watani wao wa jadi walikuwa wameshawapokea wageni, wapinzani wetu wa kesho, uwanja wa ndege kwa ngoma na matarumbeta, wamevaa jezi zao kabisa. Mtani wa namna hiyo hashindwi kukutumia mtu mwenye mkoba.

Didas akasogea. Alinukia udi. Na chini ya udi, kitu kingine... kama chuma kilicholowa.

"Kitovu cha Fakihi mlikizika wapi?" akanong'ona.

Mbwana akacheka, kwa sababu yeye akiogopa hucheka. "Kitovu chake? Anacho mwenyewe tumboni. Kamuulizeni kambini."

Didas hakucheka.

"Kesho mwanao atakuwa na kazi nzito, mzee. Tunataka asisimame peke yake."

Kwao kina Mbwana, kitovu cha mtoto kikidondoka kinazikwa uani, na juu yake unapandwa mnazi. Anayeujua mnazi wako amekushika. Uani palikuwa na minazi miwili. Ule wa jikoni, wenye madafu mengi, ndio wa Fakihi. Ule wa ukuta wa bafu ulikuwa mgumba. Haujawahi kuzaa hata kidaka. Mbwana aliukuta umechipua aliporudi safari moja ya Kongo, akajua ni nazi iliyodondoka ikaota, akaubatiza "yatima".

Akafikiri haraka. Tabu, mkewe, alikuwa ndani anaswali magharibi. Hakuna wa kumsahihisha.

"Ule pale," akasema, akionyesha yatima. Moyoni akajipongeza. Mtu wa mipakani huyu, ameshadanganya maofisa wa nchi nne, atashindwa na mwenye mkoba?

Didas akapiga goti. Akachota udongo wa shinani, akaufunga kwenye kitambaa cheupe. Kisha akaweka sikio kwenye gogo la mnazi.

"Fakihi," akaita. Polepole. Mara tatu.

Akainua uso. Kwa mara ya kwanza alionekana na wasiwasi.

"Mzee... huyu anasema hilo si jina lake."

Mbwana akacheka tena, vilevile peke yake. Didas akasimama, goti lake halina hata punje ya tope. Akaondoka kinyumenyume, uso umeelekea nyumba, mpaka getini, mpaka nje, mpaka giza likammeza.

Mbwana hakumwambia mkewe. Angemwambia nini?

*

Siku ya fainali waliangalia nyumbani. Daktari alishamkataza Mbwana uwanja kwa sababu ya presha, na Tabu alikuwa hawezi kumtazama mwanawe akipigiwa mipira. Alikaa ameipa televisheni mgongo, tasbihi mkononi. Jirani yao Praygod, mwalimu, mtu wa Moshi na shabiki wa watani, alikuja na kiti chake.

"Mie leo niko na wageni," akatangaza. "Ukarimu tu, mzee wangu."

"Ukarimu huo ulimtuma mtu hapa jana?" Mbwana akamvizia.

"Mtu gani?"

Mbwana akamkazia macho. Praygod akakazia televisheni. Mwalimu huyo hajui kudanganya, hata karata humshinda. Basi kama si yeye... nani?

Kuna jambo moja la kuishi nyuma ya uwanja. King'amuzi huchelewa. Kelele za uwanja zinakufikia kwanza, picha inakuja baadaye. Goli unalisikia kabla hujaliona. Timu yetu ilikuwa mbele moja bila kwa jumla ya mechi mbili, na dakika zilizidi kuyoyoma.

Dakika ya themanini na tisa, Temeke yote ikanyamaza.

Ghafla. Kama mtu amezima redio.

"Nini?" Tabu akauliza bila kugeuka.

Picha ikafika. Penalti. Ya wageni.

Fakihi alionekana mdogo katikati ya milingoti. Mpigaji akarudi hatua tano. Mbwana akasikia uwanja ukilipuka, paa likatikisika, na kwenye televisheni mpira ulikuwa bado umetulia chini. Alishajua haukuingia. Alichokuwa hajui ni kwa nini.

Mpigaji akapiga. Fakihi akaruka kulia.

Mpira ukaenda kushoto.

Ukasimama. Juu ya mstari. Kama uliowekewa kiganja. Ukarudi uwanjani taratibu.

"Mlingoti!" Praygod akapiga kelele. "Umegonga mlingoti!"

Wakarudia picha. Kutoka mpira hadi mlingoti palikuwa na hatua nzima ya mtu mzima.

Wachezaji walimrukia Fakihi. Yeye alikuwa bado amelala chini, hashangilii. Alitazama kona ya kushoto ya goli lake, patupu, na midomo yake ilisomeka wazi kabisa.

*Wewe nani?*

Uani, puu! Kitu kikaanguka.

Praygod ndiye aliyechungulia. "Dafu," akasema. "Upande wa bafuni." Kisha akabeba kiti chake akaenda kwake, filimbi ya mwisho haijapigwa.

*

Tulikuwa mabingwa. Mavuvuzela yalizagaa mtaani, adhana ya magharibi ikapenya katikati yake. Ndani, Tabu alikuwa ameshika lile dafu kwa mikono miwili, kama anapima uzito wa mtoto.

"Ule mnazi hauzai, Mbwana. Umefanya nini?"

Akamweleza. Yote. Hata alivyojipongeza.

"Ulimwonyesha upi?"

"Ule wa bafuni. Ule usio na mtu."

Tabu akaweka tasbihi chini.

"Nani alikwambia hauna mtu?"

Miaka ishirini na sita iliyopita, Mbwana akiwa amekwama Kasumbalesa, Tabu alijifungua binti. Siku ya tano kitovu kikadondoka. Siku ya sita mtoto akafa. Siku moja tu kabla ya kupewa jina. Mbwana aliporudi, msiba ulishaanuliwa. Akalia, akaondoka na mzigo mwingine. Hakuuliza kitovu kilizikwa wapi. Kwa miaka yote hiyo alinawia miguu shinani pale.

Simu ikalia. Fakihi.

"Baba..." alinong'ona. Nyuma yake basi zima la timu lilikuwa linaimba. "Kuna binti amekaa pembeni yangu. Wenzangu hawamwoni. Amenishika mkono tangu golini. Baba, mkono umekufa ganzi hadi begani. Vidole vinakuwa vyeusi."

"Mwambie akuachie!"

"Nimemwambia aende kwao. Anasema hawezi... hajui anaitwa nani."

Kipa bila mkono ni nani? Na ganzi ikipita bega inaelekea wapi? Tabu akamnyang'anya simu.

"Fakihi, mwanangu. Mwambie anaitwa Raudha. Baba yake alituma salamu na dereva mwenzie, akizaliwa wa kike aitwe Raudha. Mwambie mama yake yuko nyumbani."

Nyimbo za basi zikaendelea.

"Mama," Fakihi akasema. "Kiti kitupu. Vidole... vinacheza."

"Hodi."

Nje. Mlangoni. Sauti ndogo.

Magharibi huitikii hodi ya kwanza. Kila mtoto wa Pwani anajua. Mbwana akamshika mkewe mkono.

"Hodi."

Chini ya mlango ikapenya harufu. Udi. Na chuma kilicholowa.

"Tabu, usiitikie," akanong'ona. "Hayuko peke yake. Yule mtu yuko naye."

"Nimemngoja miaka ishirini na sita."

"Tabu..."

"Hodi."

"Karibu, Raudha. Karibu ndani, mwanangu."

Mlango haukufunguka. Lakini mkeka, pale pembeni ya Tabu, ulibonyea kidogo.

*

Mkono wa Fakihi umepona. Viongozi wa timu waliapa hawamjui Didas yeyote, ingawa kuhusu kamati ile nani ataapa kweli? Tabu sasa anapakua sahani tatu, na anaimba jikoni kama msichana. Mbwana hamkatazi.

Linalomnyima raha ni alichokiona asubuhi baada ya fainali kwenye tope. Nyayo ndogo, pekupeku, zimetoka getini hadi mlangoni, na hazikurudi. Hizo alizielewa.

Sambamba nazo, safu moja tu ya viatu vya mwanaume. Ncha zimeelekea getini. Praygod alipita, akaangalia, akamtuliza: "Si unaona, mzee wangu? Huyo ameshaondoka."

Mbwana akaitikia kwa kichwa. Hakumwambia mwalimu kwamba yule mtu hutembea kinyumenyume.