Samaki wa Mahdia

Dorsaf alikutana na Chiheb kwenye foleni ya mkate, mwezi wa Ramadhani, futari ikikaribia, saa ambayo mji mzima huwa na hasira. Alikuwa ametoka kazini na aproni yake, vidole vya buluu mpaka kwenye kucha.

"Dada, hiyo buluu haitoki?" aliuliza mwanamume nyuma yake, miwani imemkaa upande.

"Haitoki. Na wewe, maswali hayakuishii?"

Walicheka, na tangu hapo simu ya Dorsaf haikupumzika. Chiheb alikuwa mwalimu wa sayansi, tena msumbufu: alitaka kiwanda cha kufulia jinzi kifungwe kwa sababu kilimwaga maji machafu kwenye ghuba. Dorsaf na mama yake, Zohra, waliishi kwa mshahara wa kiwanda hichohicho. Walibishana kwenye simu mpaka sikio likaungua, kisha mmoja akasema, "Haya, lala salama, roho yangu." Wakachumbiana hivyohivyo, katikati ya ubishi.

Idi iliyofuata, Chiheb alileta kikapu cha mchumba: kitambaa cha hariri, marashi, na samaki wanono juu ya barafu.

"Samaki wa wapi hawa?" aliuliza Zohra.

"Wa Mahdia, mama."

Uso wa Zohra ulibadilika. Mahdia, mji wa mbali! Na ghuba iko hapo mlangoni. "Kumbe mwalimu anaona sisi na bahari yetu tunanuka," alisema, akakirudisha kikapu. Mjini kwao, kikapu kikirudi, uchumba nao umevunjika.

Dorsaf aliijua sababu ya Chiheb kwenda Mahdia. Angemweleza mama yake, angekuwa amekiri kwamba Chiheb ana haki kuhusu ile bahari. Akanyamaza. Usiku alijigeuzageuza kitandani, mchana alichoma vidole kwa pasi.

"Dorsaf, mwambie mama yako ukweli," Chiheb aliomba kwenye simu.

"Mwambie mwenyewe. Si wewe ndiye bingwa wa maneno?"

"Hanifungulii mlango!"

Dorsaf alikata simu, akalia kwa hasira.

Kisha kiwanda na watu wa mazingira, Chiheb akiwa msemaji wao, waliitwa kwenye ukumbi wa mji wajadiliane. Dorsaf aliteuliwa kusema kwa niaba ya wafanyakazi. Alivaa gauni la kijani, lile alilolipenda Chiheb, akijiambia ni kwa sababu mengine yana madoa. Aliyeongoza kikao alikuwa Bi Mongia, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya ukumbi, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumfokea.

"Sheria ni moja," alisema. "Hujibu mpaka useme hoja ya mwenzako, na yeye akubali umeisema sawa. Mwalimu, anza."

"Wafanyakazi wanataka mishahara yao," alisema Chiheb.

"Sivyo," alisema Dorsaf.

Chiheb alivua miwani, akaifuta. "Wanaogopa kwamba nikishinda nitarudi darasani kwangu, mshahara wangu wa serikali uko palepale, na wao nitakuwa nimewasahau."

"Ndivyo," alisema Dorsaf.

"Zamu yako, binti," alisema Bi Mongia.

Dorsaf alimwona mama yake safu ya mbele, mikono ya buluu mapajani. Angeweza kutaja vipimo vya maji na kuketi.

"Anasema maji yetu yanaingia kwenye samaki, na samaki wanaingia kwenye watu anaowapenda. Ndiyo maana..." Alimgeukia Zohra. "Ndiyo maana alikwenda Mahdia, mama. Hakukudharau. Hakutaka ule sumu siku ya Idi. Nilijua, nikanyamaza."

Zohra alisimama polepole. Hakumtazama binti yake.

"Ndivyo, mwalimu?"

"Ndivyo, mama."

"Na ulimi wako wa kwenye mikutano siku ile ulikuwa wapi?"

"Nilikuogopa."

Ukumbi uliangua kicheko. Zohra hakucheka, ila mdomo ulimcheza.

"Kiwanda hakifungwi," alisema.

"Hapo bado nakupinga, mama."

"Nipinge. Bi Mongia hajatufukuza." Akaketi, akajipangusa macho kwa kiganja cha buluu. "Lakini kesho uje na kile kikapu. Na samaki awe wa hukohuko ulikomtoa."

Dorsaf aliinua macho. Kule upande wa pili Chiheb alikuwa akitafuta miwani yake, na alikuwa ameishika mkononi.